Chuchu Ikibadilika: Namna ya Kuikagua, Kuitunza na Kujua Wakati wa Kupimwa

Hakuna chuchu moja ya kupimia nyingine. Ziko ndefu na fupi, bapa na zilizozama, nyeusi, za kahawia na za waridi, na karibu kila mwanamke ana titi moja kubwa kidogo kuliko jingine. Kwa hiyo kuilinganisha chuchu yako na ya mwenzako hakukupi jibu. Ilinganishe na ilivyokuwa miezi michache iliyopita, kisha jiulize: badiliko hili ni jipya? Liko upande mmoja tu? Limekaa zaidi ya wiki mbili bila kuondoka? Ukijibu ndiyo mara tatu, nenda ukapimwe, hata kama hapaumi. Tunalisisitiza hilo la kuuma kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi: saratani ya titi mara nyingi huanza kimya, huku matiti yanayouma vibaya siku chache kabla ya hedhi kwa kawaida hayana ugonjwa.

Yaliyo ya kawaida

Vipele vidogo kwenye duara la rangi linalozunguka chuchu ni tezi za mafuta ya kulainisha ngozi. Huonekana zaidi wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Usizikamue kama chunusi, maana hapo unawafungulia bakteria mlango na unaweza kuishia na jipu. Kipele kimoja kikiwa chekundu na kinauma, kikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Kikizidi kuvimba baada ya siku mbili tatu, kaonyeshe.

Nywele chache pembeni mwa chuchu si ugonjwa. Zipunguze kwa mkasi. Ukizing'oa, zinazorudi huweza kuota kwa ndani na kuleta uvimbe. Zikiongezeka ghafla sambamba na ndevu na hedhi kuvurugika, chanzo kiko kwenye homoni, na huko ndiko kwa kutibu. Rangi nayo hukolea wakati wa ujauzito na wakati mwingine kwa vidonge vya uzazi wa mpango. Hufifia baadaye, ila si lazima irudi kama zamani.

Chuchu zilizozama tangu kubalehe hazina ubaya wowote. Bana duara la chuchu taratibu kwa kidole gumba na cha shahada: ikitokeza na kukaa nje kwa muda, kunyonyesha hakutakusumbua sana. Isiyotokeza kabisa haimzuii mtoto pia, kwa sababu mtoto hunyonya titi, si ncha ya chuchu. Utahitaji tu msaada wa mkunga tangu siku ya kwanza.

Kujikagua

Kuna jambo la kusema wazi kabla ya hatua. Utafiti mkubwa wa Shanghai uliowahusisha wanawake zaidi ya 260,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitoka mwaka 2002, ulionyesha kwamba kuwafundisha wanawake kujikagua kwa ratiba kali hakukupunguza vifo, bali kuliongeza idadi ya waliochukuliwa vinyama, yaani vipande vidogo vya titi vya kupimwa maabara, kwa uvimbe usio na madhara. Kwa hiyo usiufanye ukaguzi huu mtihani wa kila mwezi wa kukutia hofu, wala usiuweke mahali pa mamogramu (picha ya eksirei ya matiti) ikiwa umri wako umefika. Faida yake ni kuyazoea matiti yako, ili siku kigeni kikiingia ukitambue.

Wakati mzuri ni siku ya 7 hadi ya 10 ukihesabu tangu damu ya hedhi ilipoanza. Kabla ya hedhi titi hujaa na kuwa na vinundu ambavyo vitaondoka vyenyewe. Aliyekoma hedhi achague tarehe yoyote anayoikumbuka. Anayenyonyesha ajikague mtoto akishamaliza kunyonya.

1. Simama mbele ya kioo kifua wazi, mwanga ukitokea ubavuni. Mwanga wa mbele huficha mabonde ya ngozi, wa ubavuni huyafichua. Tazama umbo, rangi, na upande ambao kila chuchu imeelekea.
2. Inua mikono juu ya kichwa. Chuchu zote mbili zipande pamoja. Inayobaki chini au kugeukia pembeni, huenda kuna kitu kinaivuta kwa ndani.
3. Shika kiuno na ukaze misuli ya kifua, kisha inama mbele matiti yaning'inie. Mikunjo iliyokuwa imejificha hujitokeza hapa.
4. Lala chali, mto mdogo chini ya bega la kulia, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Kwa mkono wa kushoto tumia nyama ya vidole vitatu vya kati, si ncha zake. Zungusha miduara midogo ya ukubwa wa sarafu, na kila mahali bonyeza mara tatu: kidogo kwa ngozi, kiasi kwa katikati, na kwa kina mpaka uhisi mbavu.
5. Panda na ushuke kwa mistari iliyokaribiana, kutoka mtulinga hadi chini ya titi, kutoka kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua. Usinyanyue vidole njiani.
6. Bonyeza chuchu taratibu kwenda chini. Kuhisi kama kishimo laini ni kawaida. Malizia kwapani, mkono ukiwa umelegea, kisha rudia yote titi la pili.
7. Ukikuta jambo, andika tarehe, titi la upande gani, mahali kwa mfano wa uso wa saa (kama penye namba 4), na umbali wake kutoka chuchu.

Makosa hutokea zaidi kwenye hatua ya nne. Anayetumia ncha za vidole huhisi kila punje na kuogopa bure. Anayepapasa juu juu huukosa uvimbe wa ndani. Ukingo mgumu ulio chini ya titi, pande zote mbili, ni wa asili. Wengi huukuta mara ya kwanza wakadhani ni uvimbe.

Utaona hatujasema ukamue chuchu. Tumeiacha kwa makusudi: kuikamua mara kwa mara huchochea majimaji yatoke hata kwa asiye na tatizo, na ukishayaona unakamua tena kuhakikisha. Majimaji yenye maana hutoka yenyewe.

Majimaji yanapotoka

Rangi peke yake haitoshi kuamua. Uliza hivi: yametoka yenyewe na kulowesha sidiria, au baada ya kubinywa? Titi moja au yote? Tundu moja la chuchu au mengi? Majimaji ya kubinywa, ya pande zote na matundu mengi, yawe ya maziwa, manjano au kijani, mara nyingi si hatari. Yanayojitokea yenyewe kwa upande mmoja, kwenye tundu moja, yakiwa ya damu au maangavu kama maji, yanahitaji kupimwa bila kusubiri wiki mbili. Kwa mwenye miaka 50 na kuendelea, majimaji yoyote mapya ya upande mmoja ni sababu ya kumwona daktari wa matiti haraka.

Usioshe ushahidi. Gusisha karatasi nyeupe ya tishu kwenye tone na uitazame kwenye mwanga. Ute wa kijani kibichi sana huonekana mweusi kama damu iliyoganda kwenye kitambaa cha rangi, lakini kwenye karatasi nyeupe utaujua. Piga picha kabla haijakauka.

Damu haimaanishi saratani moja kwa moja. Chanzo chake cha kawaida zaidi ni uvimbe mdogo unaoota ndani ya mfereji wa maziwa, na kwa kawaida si saratani. Lakini saratani iliyo ndani ya mfereji hutoa damu ileile, na kwa macho hazitofautishwi. Ute mzito wa kijani au mweusi kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, au aliyekoma karibuni, mara nyingi hutokana na mifereji iliyotanuka. Huhitaji kuthibitishwa kwa picha, na kwa wengi hauhitaji upasuaji.

Maziwa yakitoka pande zote kwa asiyenyonyesha, anza na kipimo cha mimba. Ukiwa huna mimba, angalia dawa unazotumia: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, risperidoni na haloperidoli za afya ya akili, metildopa ya shinikizo la damu, zote zinaweza kupandisha homoni ya maziwa. Usiache dawa peke yako, mwambie aliyekuandikia. Kisha hupimwa damu kwa homoni hiyo, yaani prolaktini, na tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kidogo maziwa huweza kutoka. Ukiwa pia unaumwa kichwa na kuona pembeni kumepungua, liseme siku hiyohiyo: uvimbe mdogo chini ya ubongo huweza kuleta hali hiyo, na mara nyingi hutibika kwa vidonge. Aliyeachisha mtoto asishtuke kuona matone kwa miezi mingi baadaye.

Mjamzito huweza kuona dang'a mapema tangu miezi ya kati. Wengine hutoka dang'a lenye rangi ya kutu au ya damu mwishoni mwa ujauzito au siku za mwanzo za kunyonyesha, kwa sababu mishipa midogo ya damu imeongezeka ghafla kwenye mifereji. Hukoma ndani ya siku chache, na mtoto anaweza kunyonya. Ikipita wiki moja, pimwa.

Ngozi inayowasha na kubanduka

Hapa ndipo muda mwingi hupotezwa. Mwanamke hupewa krimu, panapoa kidogo, panarudi, anapewa krimu nyingine, na miezi sita inakwisha.

Ukurutu wa kawaida hupenda kuanzia kwenye duara la rangi, mara nyingi pande zote mbili, na chuchu yenyewe huweza kubaki salama. Mwenye nao aghalabu ana historia ya pumu au ukurutu sehemu nyingine, au amebadilisha sabuni ya kufulia, manukato au kitambaa cha sidiria. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, alioueleza daktari wa Uingereza James Paget mwaka 1874 na unaoitwa kwa jina lake. Huo huanzia kwenye chuchu, upande mmoja, kisha huenea kwenye duara. Chuchu huwa nyekundu au hubadilika rangi, hutoa magamba, huwasha au kuchoma, huota gaga linalobanduka na kuacha kidonda kibichi, na baadaye huweza kubonyea. Wengi wenye ugonjwa huu wana saratani ndani ya titi, hata kama hapashikiki uvimbe.

Fanya hivi. Acha sabuni yenye manukato na mafuta yote uliyokuwa ukipaka, vaa sidiria ya pamba, osha kwa maji matupu. Ukishauriwa, paka krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kiasi chembamba mara mbili kwa siku, kwa muda usiozidi wiki mbili. Anayenyonyesha aifute kabla ya kumpa mtoto titi. Siku ya 14 tazama. Ikiwa haijapona kabisa, au imepona na kurudi palepale, usikubali krimu ya tatu. Omba kipimo cha kinyama cha ngozi ya chuchu: kipande cha milimita chache hutolewa kwa ganzi. Krimu za aina hiyo hupunguza wekundu hata kwenye ugonjwa wa Paget, kwa hiyo nafuu ya nusu haithibitishi kwamba ni ukurutu.

Michubuko ya msuguano, kama ya wanaokimbia umbali mrefu, ni rahisi kuijua: hutokea pande zote mbili na hupona ukipumzika. Mafuta ya mgando kabla ya zoezi hutosha.

Chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani

Iliyoingia taratibu pande zote mbili kwa miaka, ikabaki kama mfuo wa kulala, na bado hutokeza ukiivuta, mara nyingi ni mifereji iliyofupika kwa umri. Iliyoingia ndani ya wiki au miezi, upande mmoja, isiyotoka hata ukiivuta, au iliyogeuza mwelekeo, inahitaji picha na mkono wa daktari. Uvimbe wa kujirudia kando ya chuchu wenye usaha huwapata zaidi wanawake wanaovuta sigara, na bila kuacha sigara hurudi hata baada ya upasuaji.

Kwa anayenyonyesha

Uchungu kidogo sekunde za mwanzo katika wiki ya kwanza huvumilika. Nyufa, damu, au chuchu inayotoka mdomoni imebanwa kama ncha ya lipstiki mpya ni dalili kwamba mtoto ameshika vibaya. Hakuna mafuta yatakayoponya hapo kabla ya kurekebisha ushikaji.

Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto. Tumbo lake likuelekee, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, pua yake ielekee chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, subiri apanue kinywa wazi kama anapiga miayo, ndipo umvute upesi. Akishika vizuri, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na duara la rangi huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ikiuma baada ya nusu dakika, ingiza kidole kidogo kwenye pembe ya mdomo wake kuvunja ufyonzaji, kisha anza upya. Kumng'oa kwa nguvu ndiko kunakochana.

Kwenye ufa, paka matone ya maziwa yako na uache yakauke, au lanolini safi kiasi cha punje ya njegere. Spiriti, sabuni na dawa ya meno huzidisha. Kama kunyonyesha hakuvumiliki, kamua kwa mkono siku moja au mbili upande huo.

Uchungu wa kuchoma unaobaki baada ya kunyonya, chuchu ikang'aa, na mtoto ana utando mweupe usiofutika mdomoni, ni dalili za fangasi. Mama na mtoto hutibiwa pamoja, la sivyo huambukizana tena. Chuchu inayogeuka nyeupe, kisha bluu au nyekundu, ikipigwa na hewa baridi ina tatizo la mishipa ya damu kubana: ipashe joto mara mtoto anapoachia, na usitumie dawa za fangasi ovyo.

Mama anayeishi na VVU asisubiri kabisa. Nyufa zinazotoa damu na titi lenye uvimbe huongeza uwezekano wa virusi kumfikia mtoto. Aendelee na dawa zake bila kuruka, amnyonyeshe titi lisilo na jeraha, akamue na kumwaga ya titi lenye jeraha, na afike kliniki siku hiyohiyo.

Titi jekundu lenye joto

Kwa anayenyonyesha, kwa kawaida ni uvimbe wa titi, wenye homa na mwili kuuma. Endelea kunyonyesha kama kawaida, bila kukamua kupita kiasi, maana kukamua sana huongeza maziwa na uvimbe. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15. Usilikande kwa nguvu, kwani hulijeruhi zaidi. Parasetamo gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, hutuliza. Homa ikipita saa 24, au ikiwa kali tangu mwanzo, unahitaji antibiotiki. Saa 48 zikiisha ukiwa kwenye dawa bila nafuu, omba ultrasaundi kutafuta jipu. Mara nyingi usaha hutolewa kwa sindano, bila kupasua.

Kwa asiyenyonyesha, au kwa anayenyonyesha asiyepona, kuna saratani inayojificha kwa sura hiyohiyo. Ndani ya wiki chache tu titi huvimba, hupata joto, ngozi huwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu huweza kuzama. Mara nyingi hakuna uvimbe wa kushika, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta weusi uliokolea, ugumu na vishimo. Duru moja ya antibiotiki bila kupona inatosha. Kinachofuata ni picha na kipimo cha kinyama, si duru ya pili.

Siku ya kupimwa

Nenda na maandishi yako, picha, tarehe ya hedhi ya mwisho, orodha ya dawa, na majina ya ndugu wa damu waliopata saratani ya titi au ya ovari pamoja na umri waliougua. Ila kutokuwa na mgonjwa katika ukoo si kinga: karibu nusu ya wanaougua saratani ya titi hawana kihatarishi chochote zaidi ya kuwa wanawake wenye zaidi ya miaka 40.

Uchunguzi kamili una sehemu tatu: mkono wa daktari kwenye matiti yote na kwapa zote, picha, na kinyama. Kwa walio chini ya miaka 40 hivi, kwa kawaida huanza ultrasaundi, kwa kuwa tishu za titi la ujanani zimeshikana sana na mamogramu huzipenya vibaya. Waliozidi hapo hufanyiwa mara nyingi zote mbili. Usipake deodoranti wala poda siku ya mamogramu, chembe zake huonekana kwenye picha kama chokaa. Ripoti huja na namba ya BI-RADS, kipimo cha kuonyesha picha ya titi inatia shaka kiasi gani: 0 picha zaidi zinahitajika, 1 na 2 hakuna cha kutia shaka, 3 uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na hurudiwa baada ya miezi 6, 4 na 5 ni lazima kinyama kichukuliwe, 6 saratani imeshathibitishwa.

Kinyama hutolewa kwa sindano nene chini ya ganzi, mara nyingi wakiongozwa na ultrasaundi, na unarudi nyumbani siku hiyo. Hofu kwamba sindano husambaza saratani imewafanya wanawake wengi wakimbie kipimo ambacho ndicho kingewaokoa. Matibabu hayawezi kupangwa bila hicho kinyama, kwa sababu ndicho kinachoonyesha aina ya saratani na dawa itakayoifaa.

Kama majibu ya kinyama yanasema hakuna saratani huku picha ikiwa na namba 4 au 5, uliza moja kwa moja: je, haya mawili yanalingana? Yasipolingana, sindano hurudiwa au sehemu nzima hutolewa. Chukua nakala ya ripoti zote mbili na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kabla hujatoka chumbani.